Tiki Haishiki Gundi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimerudi karakana. Wiki sita na siku tatu tangu tumzike mume wangu Kasereka. Nilidhani nikifika pale nitalia. Sikulia. Nilikasirika.

Wangila, fundi mwenzake, ameipaka meza vanishi! Ile meza ndogo ya tiki ambayo Kasereka aliiacha imeegemea ukuta. Sasa inang'aa kama sahani ya plastiki. Nikamuuliza ni kwa nini. Akasema watu wa siku hizi wanataka meza ambayo mtu anajiona uso. Nikamwambia tiki ina mafuta yake ndani, haihitaji kung'arishwa na mtu. Unaipangusa na mafuta ya kitani kidogo, kwa kitambaa, basi. Kasereka alikuwa anawaambia wateja: msiivalishe nailoni. Wangila akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Halafu simu ikalia. Ilikuwa Hajjat Rehemah wa Lubaga, yule tuliyemtengenezea viti kumi na viwili. Nilisikia upande wa Wangila tu. Pole sana Hajjat. Kimevunjika kabisa? Na mama amelazwa? Ah, pole. Kisha —

"Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu, Hajjat."

Mimi niko nyuma yake! Nimeshika kitambaa! Hata sauti hakupunguza. Nilichukua mfuko wangu nikaondoka bila kuaga.

Kazi ya marehemu. Miaka saba amekula mkate na huyo marehemu.

Jumanne, 4 Machi

Sokoni Owino tangu asubuhi. Niliuza vitenge viwili tu, na cha pili nilimkatia mteja vibaya, hakikunyooka. Akili haiko.

Naandika hapa mambo ninayoyajua, ili nisijichanganye kwa hasira.

Tiki si mti wa kuchezea. Watu wanaipenda kwa sababu mchwa hawaili, hata uiache chini kwenye udongo. Hainyeshewi mvua ikaoza. Haipindi. Ukiweka kiti cha tiki barazani miaka ishirini, kitageuka rangi ya fedha, lakini mtoto wa mtoto wako atakikalia. Ni nzito, inaua makali ya msumeno — ndani yake kuna kama mchanga mwembamba, Kasereka alikuwa ananoa randa mara tatu kwa ubao mmoja na kuutukana ubao kwa Kinande. Na harufu yake! Kama viatu vipya vya ngozi. Binti yetu Reine alipokuwa mdogo, baba yake alimwekea maranda mfukoni mwa sare ya shule. Mwalimu akaniita kuniuliza mtoto anabeba nini.

Yote hayo yanatoka kwenye mafuta ya ule mti. Lakini mafuta hayohayo yanaikataa gundi. Ukipaka gundi juu ya tiki bila kuipangusa, inakaa juu juu tu. Leo kiti kinasimama, keshokutwa kinaachia. Kwa hiyo kabla ya kuunga, unapangusa ulimi wa ubao na tundu lake kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, kitambaa kikitoka njano unabadilisha, mpaka kitoke safi. Halafu gundi papo hapo, kabla mafuta hayajapanda tena.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nikitoka Owino saa tisa, napita karakana, napangusa. Vile viti vinane vya kwanza vya Hajjat nilivipangusa mimi, kila ulimi. Vinne vya mwisho sikuvipangusa. Ilikuwa Desemba, watu wananunua vitenge vya Noeli, nilikuwa Owino mpaka jua linazama. Na Kasereka alikuwa amekatazwa karakana na daktari kwa sababu ya kifua. Tina yenyewe nilikuwa nimeiondoa pale tangu Novemba, harufu yake ilikuwa inamkaba.

Na Kasereka aliniambia kwa mdomo wake, amelala, mimi namkanda mgongo: Wangila amevimalizia vile vinne.

Basi! Kazi ya marehemu ipi? Wangila alishindwa kununua tina nyingine? Duka liko ng'ambo ya barabara!

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri ameniweka majivu kwenye paji akaniambia nitubu. Nilitaka kumwambia kuna mtu mwingine kule karakana, Ndeeba, wa kuwekewa hayo majivu, ndoo nzima.

Sijala. Si kwa sababu ya mfungo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda Lubaga kwa Hajjat. Sikupiga simu kwanza. Alinikaribisha vizuri, alinikumbatia, akanipa pole ya Kasereka. Kisha akanipeleka chumba cha kulia akaniachia maneno.

Walikuwa wanafuturu, siku ya pili tu ya Ramadhani. Mama mkwe wake amekaa, bakuli la uji mkononi. Kiti kikaachia mguu. Bibi wa miaka themanini chini, uji kifuani, mkono umeteguka. Wageni wanatazama.

"Mama Reine, mimi nilimwambia bwana yako tiki. Tiki! Akaniletea nini, bambi, jamani? Kasha la sabuni?"

Kasha la sabuni! Nikamwomba kisu. Nikageuza kiti, nikakwangua chini ya kikalio, mahali pasipoonekana, mpaka rangi mbichi ikatokea, ile ya kijani kijani. Nikamwambia anuse.

Akasema amefunga.

Nikamwambia umefunga kula, Hajjat, hukufunga kunusa. Msichana wa jikoni akacheka, hata Hajjat akacheka, akainama akanusa. Akanusa tena. Akasema kweli, ni kama duka la viatu.

Nikamweleza pia habari ya rangi, maana alilalamika kwamba viti vilipofika vilikuwa na mabaka kama mbwa. Tiki ikitoka kwenye randa huwa na mabaka. Unaiweka mwangani siku kadhaa, inatulia yenyewe, inakuwa asali yote. Kasereka alikuwa anatoa mbao nje asubuhi na kuzigeuza mchana, kama mtoto mchanga anayeoteshwa jua. Akavitazama viti vyake, akaona ni kweli, havina baka hata moja sasa.

Halafu tukaangalia kiti. Mti haukuvunjika popote. Ulimi umechomoka mzima mzima. Na gundi — niliibandua kwa kucha, ikatoka utando mmoja, kama wa maziwa yaliyopoa. Haikushika hata kidogo. Tiki haikupanguswa! Tukatikisa vingine. Vinane imara kama ukuta. Vitatu vinacheza. Vitatu na kimoja ni vinne.

Nikamwambia: Hajjat, hivi vinne si mkono wa marehemu. Ni mkono wa Wangila.

Nilisema hivyo mbele ya msichana wa jikoni na dereva. Nilisema kwa sauti. Na nilijisikia vizuri, nisidanganye hapa. Mara ya kwanza tangu Januari.

Hajjat akauma midomo. Kiwanja cha karakana ni cha kaka yake, nilikuwa nimesahau. Akasema kama fundi anaweza kuficha uchafu wake nyuma ya kaburi la mtu, atazungumza na kaka. Kuna watu wengi wanaotaka kile kibanda.

Nikasema kale, yaani sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimfuata asubuhi, kabla hajafungua mlango vizuri.

Nilimwambia yote. Gundi, ulimi, vinane na vinne. Nikamwambia Kasereka aliniambia ni wewe uliyevimaliza. Nikamwambia huna aibu. Nikamwambia mtu anayemsingizia maiti atazikwa na nani. Nilipiga kelele mpaka mashine ya Obita jirani ikazimwa ili watu wasikie vizuri.

Nilitaka abishe. Wangila ni mtu wa kubisha, anaweza kubishana na redio. Alisimama tu na ufunguo mkononi. Uso ulibadilika nilipotaja maneno ya Kasereka. Akauliza, "Alikuambia hivyo? Ni mimi?"

Ndiyo, wewe.

Akatazama juu, kwenye kibao cha mlangoni. KASEREKA — TIKI TUPU. Aliandika yeye kwa rangi ya bluu, herufi zinapanda mlima.

"Sawa, shemeji. Kama alisema ni mimi, ni mimi."

Hivyo tu! Hata samahani hakuna! Mtu amekiri kama anayekubali chenji.

Jumapili, 9 Machi

Reine ameniuliza kwa nini napiga masufuria. Nikamwambia ni masufuria yanayonipiga mimi. Hakucheka. Ana miaka kumi na tano na anasimama kama baba yake, mguu mmoja juu ya mwingine.

Akasema, mama, baba mdogo Wangila alinisaidia hesabu zote za darasa la saba.

Najua! Najua hayo!

Jumatatu, 10 Machi

Hajjat amepiga simu. Kaka amekubali. Watakuja karakana Jumamosi pamoja, wamsikie Wangila kwa mdomo wake mbele ya mafundi wa mtaa, kisha atoe vyombo vyake siku hiyo hiyo. Vile viti vinne vitarudishwa kesho, mimi nitafute fundi mwingine wa kuviunga. Akasema jina la Kasereka litakuwa safi, Mama Reine, tulia.

Nimetulia. Mbona nimeosha sufuria moja mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika polepole.

Nilikwenda kuangalia viti vilivyorudi. Wangila hakuwepo. Obita aliniita upande wake, kwenye mashine ya kuranda. Obita ni mtu wa maneno machache, miaka yote namjua kwa salamu na vumbi. Akapangusa benchi kwa kofia yake nikae. Nikajua kuna jambo.

Akasema amesikia Wangila anatolewa Jumamosi. Akasema hakutaka kuingilia mambo ya nyumba ya watu. Lakini Wangila ni jirani, na Kasereka alikuwa jirani.

"Mama Reine, ile viti ine, mzee ndiye alifunga. Mimi niliona na macho."

Nikamwambia hapana. Kasereka alikuwa nyumbani amelala.

"Wewe ukienda Owino, yeye anakuja. Na boda. Wangila anagombana na yeye, anamwambia rudi, mke wako ataniua. Mzee anasema, Hajjat alinipa kazi mimi, nitamaliza mimi. Wangila akakasirika, akaenda zake kupeleka kitanda Entebbe. Mzee akabaki."

Nikauliza, na tina?

Obita akatazama chini. Akanikumbusha. Novemba nilipita kwake, kwa Wangila na kwa yule wa duka la ng'ambo, wote watatu, nikawaapisha: mtu asimpe Kasereka tina, hata kizibo kimoja. Ni kweli. Nilisema nikisikia mtu amempa, nitakuja na panga. Walicheka lakini waliogopa.

"Sasa mzee alikuja hapa. Akaomba tina. Nikakataa. Akaenda kwa duka, wakakataa. Akarudi, akakaa hapo hapo wewe umekaa, anakohoa. Akasema Obita, basi nipe mafuta ya taa kidogo ya kupangusa. Nikampa."

Mafuta ya taa! Mafuta juu ya mafuta! Hata Reine anajua! Nilimpigia Obita kelele, nikamuuliza kwa nini alimpa.

Akasema kwa unyonge kabisa: "Ulikataza tina. Mafuta ya taa hukuyataja."

Nilimtazama na yeye akanitazama, mzee mzima, kofia mkononi.

Na Kasereka alijua. Miaka thelathini na tiki, alijua kwamba mafuta ya taa hayafai. Obita anasema alipangusa kila ulimi mara nyingi, mara nyingi sana, kitambaa juu ya kitambaa, na kukausha kwa pumzi yake. Kwa pumzi! Hiyo aliyokuwa nayo! Alidhani akipangusa sana itashika. Au alichoka. Sitajua.

Halafu akaja nyumbani, akajilaza kabla sijafika, akaniambia Wangila amevimalizia. Na mimi nilimkanda mgongo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekukasirikia, Kasereka. Naandika jina lako nione kama litaniogopa.

Ungeweza kuniambia. Ningegombana na wewe siku mbili, halafu ningekwenda nikapangusa mwenyewe, hata saa mbili ya usiku, hata Noeli yenyewe. Viti vinne! Kazi ya siku moja! Ulichagua uongo, na ukamtia Wangila ndani yake kwa sababu ulijua sitamuuliza.

Na mimi. Niliificha tina, nikazunguka mtaa mzima kuapisha watu kama askari. Nilitaka upumue. Sikukuuliza ulitaka nini. Ulitaka kuunga viti.

Bibi wa miaka themanini ana bendeji mkononi. Huyo naye hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezungumza na Wangila. Alikuwa amekwisha kupanga patasi zake ndani ya gunia, kila moja na kitambaa chake. Nikamwambia Obita amenieleza.

Akamtukana Obita kwa Kibukusu, sio sana.

Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema siku ile ya simu alidhani nimetoka nje, hakujua niko nyuma yake. Alimwambia Hajjat kweli, kwani kweli ndiyo ilikuja kwanza mdomoni. Nilipomjia Ijumaa na maneno ya Kasereka akaona marehemu mwenyewe ameamua iwe hivyo, na yeye ni nani.

"Halafu, shemeji, wewe ulikuwa unatafuta mtu wa kupiga. Yule hayupo. Nikaona basi."

Nikamwambia mimi si mtoto wa kuonewa huruma na mtu anayepaka tiki vanishi.

Akasema vanishi ni yake, hiyo amekubali bila kulazimishwa.

Nikakasirika upya. Kwani anadhani yeye ni nani, kunichagulia? Ana mke Bungoma na watoto watatu. Akitoka hapa atakwenda wapi na lile gunia? Akasema ana mikono. Akasema kesho atasema ni yeye, kwa sababu kibao kile kikibaki na jina safi, Reine atakuwa na kitu, na mimi nitaweza kukodisha kibanda kwa fundi yeyote mwenye akili. Jina la Kasereka linaleta watu kutoka Entebbe. Jina la Wangila linaleta Wangila tu.

Aliisema kama mzaha. Nilimwambia tu kwamba viti lazima viungwe upya kabla Hajjat hajafika, iwe ni nani aliyeviharibu.

Nimekwenda nyumbani nikatoa chini ya kitanda lile debe la tina nililoliziba na kulificha Novemba.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Karakana. Naandika juu ya benchi, wino unashika vumbi.

Tumeanza saa kumi na mbili. Wangila anabomoa, mimi napangusa. Vile vinne vilifunguka kama maganda ya ndizi, hata nyundo havikuhitaji. Ndani ya tundu la kiti cha tatu nilikuta uzi. Uzi mwekundu wa kitenge. Alikuwa anapangusa kwa vipande vya kitenge nilivyomwekea nyumbani vya kujifutia makohozi. Nimeuweka katikati ya daftari hili.

Kitambaa cha kwanza kimetoka njano. Cha pili njano. Cha tano kikatoka cheupe, Wangila akatia gundi, akafunga klampu, akakaza. Kimoja. Harufu ya tina inanikaba mimi sasa. Tiki mbichi ndani ya tundu ilikuwa nzuri, bado kijani kijani, haikuonyesha kosa lolote. Miezi mitatu imekaa na mafuta ya taa na haijaoza, haijapinda, haijachafuka. Nimeukasirikia hata mti.

Tumefunga vyote vinne. Viko katikati ya sakafu na klampu zao, havikaliwi mpaka kesho.

Mafundi wa mtaa wameanza kukusanyika mlangoni. Wanajifanya wanaangalia mbao. Mmoja ameuliza kama leo kuna harusi, mwingine akamjibu ni talaka, wakacheka, Obita akawafukuza kwa kofia. Wangila amevaa shati safi. Amelitoa kwenye gunia, lina mikunjo ya patasi. Nimemwambia usiseme kitu mpaka nikuambie. Akasema, shemeji, wewe ulikwisha kusema kwa Hajjat, mbele ya watu, ukigeuza maneno leo atakuita mwongo, na marehemu atamwita fundi mbovu, wote wawili kwa siku moja. Fikiri juu ya Reine.

Nafikiri juu ya Reine tangu jana. Nafikiri juu ya kibao. Nafikiri kwamba kama nitanyamaza dakika tano tu, yote yatakwisha vizuri kwangu. Dakika tano! Mtu anaweza kunyamaza dakika tano.

Gari limeingia. La bluu. Kaka anatoka, mrefu, ana fimbo ya kutembelea. Hajjat nyuma yake, na — Mungu wangu, wamemleta yule bibi. Anashikwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kifuani. Anatafuta mahali pa kukaa na hapa hakuna kiti hata kimoja cha kukalia.

Obita anampa benchi lake.

Wangila amepangusa mikono kwenye suruali. Anakwenda mbele bila kunitazama. Namsikia: Hajjat, mama, shikamoo. Mimi ndiye —

Hapana. Nyamaza, Wangila! Nakuja.